Sura ya Sita: Mimba, Kodi na Mawazo

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, wanawake wa mtaa wa Kawangware, Nairobi, hushuka kwa miguu kuelekea Lavington na Kileleshwa. Wa Kibera hushika njia ya Kilimani, Woodley au Lang'ata. Hukaa kando ya barabara, kwenye kona ambazo waajiri wanazijua, wakingoja mtu atokee na nguo za kufua. Anayeitwa hurudi na ujira wa siku. Asiyeitwa hurudi mikono mitupu, na njia ni ileile ya miguu. Mara nyingi kati yao yumo mwenye mimba aliyejifunga leso kwa namna ya kuificha, kwa sababu mwajiri akiiona atamchukua mwingine.

Anayetaka kuyaelewa mawazo ya mjamzito katika mitaa hii miwili na aanzie kwa mwanamke huyo. Kodi inadaiwa kabla ya tarehe tano. Mume, kama yupo, ni kibarua wa mjengo, na mjengo umesimama tangu Jumanne. Mtoto mkubwa ametumwa nyumbani akalete pesa za mtihani. Usiku usingizi hauji, na alfajiri moyo unamwenda mbio kabla hata hajainuka kitandani. Anafika kliniki, anapimwa presha, inaonekana imepanda kidogo, anaambiwa: "Mama, punguza mawazo." Kisha anaitwa anayefuata kwenye foleni. Hakuna aliyemuuliza ni mawazo gani.

Vitabu vingi vya uzazi vinamshauri apumzike mchana, asikilize muziki wa taratibu na ajiepushe na watu wanaomuudhi. Ushauri huo si mbaya, ila umeandikiwa mtu mwenye chumba cha pili na mlango wa kufunga. Katika nyumba ya mabati ya futi kumi kwa kumi, ambamo redio ya jirani ni redio yako na ugomvi wake ni ugomvi wako, inabidi tuanzie kwingine. Sura hii inashikilia jambo moja: mawazo ya mjamzito wa Kibera au Kawangware yana vyanzo vinavyotajika kwa majina, na kila chanzo kinachopunguzwa, hata kwa nusu, ni dawa.

Tuutazame mwili kwanza. Mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli, homoni inayouandaa mwili kupambana au kukimbia. Sukari hupanda katika damu na moyo huongeza mwendo, na hatari ikipita mambo hutulia. Wakati wa mimba kiwango cha kotisoli hupanda polepole hata kwa mama asiye na shida yoyote, kwa sababu mtoto anaihitaji ili mapafu yake yakomae. Isimfikie nyingi kupita kiasi, kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya homoni hiyo njiani. Kwa hiyo ule ugomvi wa juzi na mwenye nyumba haukumdhuru mtoto wako. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimeona wanawake wengi wakiongeza hofu juu ya hofu: wana mawazo, kisha wanaanza kuwaza kuhusu mawazo yenyewe, kwamba yatamuua mtoto.

Shida huja dhiki ikiwa ya kila siku, mwezi baada ya mwezi. Tafiti za nchi nyingi zimehusisha msongo mkali wa muda mrefu na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo, na pia na mama kuugua sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, wakati wa mimba au baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, na baada ya kujifungua ni asilimia 19.8. Ukiwapanga wajawazito sita kwenye benchi la kliniki, karibu mmoja wao anaumia kwa namna ambayo kipimo cha damu hakiwezi kuonyesha.

Kuna utafiti mmoja wa mbali unaotuhusu sana. Januari 1998 dhoruba ya barafu iliangusha nguzo na nyaya za umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, na mamilioni ya watu wakabaki gizani katikati ya baridi kali, baadhi yao kwa zaidi ya mwezi mzima. Mwanasaikolojia Suzanne King na wenzake waliwatafuta wanawake waliokuwa wajawazito wakati huo, kisha wakawafuatilia watoto wao kwa miaka mingi. Walipima mambo mawili mbalimbali: mama alihangaika kiasi gani moyoni, na alipata taabu gani hasa, kwa mfano siku ngapi alikosa umeme na kama alilazimika kuhama nyumba. Watoto walipopimwa lugha na akili wakiwa wadogo, taabu yenyewe ndiyo iliyoonekana kuacha alama zaidi kuliko jinsi mama alivyojisikia. Tofauti hizo ni za wastani, na hazimtabirii mtoto wa mtu yeyote maisha yake. Lakini zinatuonya tusimwachie mama peke yake kazi ya kutuliza moyo huku taabu ikibaki palepale. Ukimwambia ajikaze, umemwongezea kazi nyingine juu ya zile alizokuwa nazo.

Basi tuzitaje taabu hizo.

Maji. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na siku ambayo mabomba yamekauka unabebwa kutoka mbali zaidi na kwa bei mara mbili au zaidi. Shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera na Kennedy Odede mwaka 2004, limepitisha mabomba ya maji hewani juu ya nguzo, mahali ambapo mabomba ya ardhini yalikuwa yakitobolewa na kuchanganyika na maji machafu. Penye kioski cha maji karibu, mama mwenye mimba ya miezi minane hapandi tena kilima na mtungi. Asiye na kioski karibu na aombe wazi kwa majirani: nibebeeni mtungi mmoja kila jioni hadi nijifungue. Wengi huona haya kuomba, na wengi wangekubali wakiombwa.

Choo. Hapa pana hofu isiyosemwa sana. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa mitaa duni ya Nairobi, Kibera ikiwamo, walioeleza jinsi walivyoogopa kwenda chooni usiku kwa sababu ya kubakwa na kushambuliwa njiani. Mimba humfanya mwanamke akojoe mara nyingi zaidi. Anayeogopa giza huacha kunywa maji tangu jioni na kujizuia hadi kupambazuke, na kujizuia huko ni mlango wa maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo yasipotibiwa yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba si aibu. Kunywa maji yako, tumia ndoo, imwage asubuhi, na kliniki uombe mkojo upimwe hata kama hujisikii vibaya.

Kodi, na nyumba yenyewe. Tarehe 23 Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera alfajiri kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walipoteza makao, na madarasa yaliangushwa pia. Aliyeishi Kibera wakati huo hakusahau, na aliyehamia baadaye amesimuliwa. Hofu ya kubomolewa haiondolewi na ushauri wa kitabu, na mimi sitajifanya ninayo dawa yake. Kuna jambo dogo tu lililo mikononi mwako: kitabu cha kliniki, kitambulisho na karatasi za bima vikae ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, na nakala zake ziwe kwa mtu unayemwamini wa mtaa mwingine. Kodi nayo huzungumziwa mapema. Mwenye nyumba aliyeambiwa mwezi wa saba wa mimba kwamba mwezi wa tisa kutakuwa na pengo huwa na nafasi kubwa zaidi ya kukubali malipo ya nusunusu, kuliko yule anayegonga mlango akakuta mtoto wa siku tatu na kimya.

Nakuja sasa kwenye hofu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa zaidi: hofu ya hospitali.

Hofu hii ina historia, na anayeiita ujinga haijui historia hiyo. Kwa miaka mingi wanawake maskini wa Nairobi walijifungua kisha wakazuiliwa wodini kwa sababu ya bili. Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa kulivunja haki zao za kikatiba. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa chini ya mradi ulioitwa Heshima: kati ya wanawake 641 waliohojiwa baada ya kujifungua katika hospitali na vituo 13 nchini, mmoja kati ya kila watano alisema alidharauliwa au kunyanyaswa kwa namna fulani, kama vile kufokewa au kuachwa peke yake. Habari za namna hii husafiri kwenye foleni ya maji haraka kuliko tangazo lolote la wizara. Msichana wa mimba ya kwanza husikia kwamba fulani alipigwa kofi akiwa kwenye uchungu, na tangu siku hiyo halali vizuri.

Bili yenyewe imebadilika mara kadhaa. Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma. Baadaye huduma hiyo ikawekwa chini ya bima ya NHIF kwa jina Linda Mama, ambapo mjamzito alijisajili kwa urahisi na hakudaiwa mchango. Tangu Oktoba 2024 mpango umehamia kwenye mamlaka mpya ya bima, SHA, kwa jina Linda Jamii, na huko michango ya familia inatakiwa iwe imelipwa. Kwa mama anayeishi kwa vibarua vya siku, mabadiliko haya yamerudisha maswali ambayo alidhani yamekwisha. Usingoje uchungu ndipo uyaulize. Nenda sasa, mimba ikiwa bado changa, kwenye kituo utakachojifungulia, iwe ni Riruta kwa watu wa Kawangware, au Kibera South au Mbagathi kwa watu wa Kibera, ukaulize: nikija hapa usiku wa manane nitatakiwa kulipa nini, na nije na karatasi gani? Andika majibu. Omba kuonyeshwa chumba cha kujifungulia. Uliza pia kama unaweza kuingia na mama yako, dada yako au rafiki, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu wake wa kumshika mkono wakati wa uchungu. Mahali pengine watakataa kwa kukosa nafasi. Uliza hata hivyo, maana wodi haitawahi kutenga nafasi ya kitu ambacho hakuna anayekiomba.

Na usiku, je? Machi 2020, korona ilipoleta kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, Dakta Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa uzazi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliona jambo la kutisha: usiku wajawazito hawaji, na wengine wanafika wakiwa wamechelewa mno. Hawakuwa na gari, waliogopa polisi, bodaboda zilikuwa zimeegeshwa. Alianzisha Wheels for Life, ambapo mama alipiga simu bila malipo, akazungumza na daktari, na ikibidi akatumiwa teksi au ambulensi. Mfano huu naupenda sana. Hofu ya usiku ilipewa gari, na mama akalala.

Kafyu ilikwisha, lakini giza la vichochoro halikwisha. Kwa hiyo mpango wa usafiri uwe tayari kufikia mwezi wa saba wa mimba: nambari za waendesha bodaboda wawili na mmoja mwenye gari wanaolala karibu nawe, nauli iliyowekwa kando kwenye M-Pesa ambayo haiguswi hata unga ukiisha, na jirani anayejua kwamba ukibisha ukutani atakuja kukaa na watoto. Kama uko kwenye chama cha mzunguko, omba zamu yako iangukie mwezi wa nane. Wanachama wengi wa kike hawabishani na ombi hilo. Walishapita hapo.

Nauli ikiwa kando na jirani akiwa tayari, bado kuna mawazo yanayobaki kifuani, na hayo yanahitaji mtu wa kuyasikiliza.

Majirani zetu wa Uganda walitufundisha kitu. Katika wilaya za Masaka na Rakai, zilizoumizwa vibaya na ukimwi, watafiti walichukua vijiji 30, wakaunda makundi ya watu wenye sonona, wanawake mbali na wanaume mbali, yakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi tu. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Hawakupewa dawa. Walizungumza kuhusu misiba, ugomvi wa nyumbani na maisha yaliyobadilika ghafla, na wakasaidiana kutafuta la kufanya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba mwishoni asilimia 6.5 ya walioshiriki ndio waliobaki na sonona, ilhali katika vijiji ambavyo havikuwa na makundi walikuwa asilimia 54.7. Washiriki hawakuwa wajawazito, lakini sioni kwa nini akina mama wa ploti moja ya Gatina kule Kawangware au Laini Saba kule Kibera washindwe kukutana saa moja kwa wiki. Magharibi mwa Kenya, wahudumu wa mpango wa afya wa AMPATH wamekuwa wakifanya hivyo kwa vyama vya wajawazito na akina mama wa watoto wachanga, ambapo elimu ya afya na kuweka akiba hufanyika katika kikao kimoja.

Msichana wa shule ndiye anayebaki nje ya vikao hivi. Katika kituo cha afya cha Kangemi, jirani kabisa na Kawangware, watafiti wakiongozwa na Judith Osok waliwapima wajawazito 176 wa umri wa miaka 15 hadi 18, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2018: karibu theluthi moja walikuwa na sonona. Binti huyo huwa amefukuzwa nyumbani au amesusiwa, aliyempa mimba ameruka, na kliniki anakaa kwenye benchi na wanawake wa umri wa mama yake wanaomtazama kutoka juu hadi chini. Mama unayesoma hapa, ukimkuta kwenye foleni, sogea akae. Muulize kama amekula. Hahitaji hotuba, ameshahutubiwa na kila mtu.

Kwa wanaume nitasema machache, kwa sababu kazi yao si ngumu kuielewa. Bebeni maji. Jueni tarehe ya kliniki. Msije na maneno ya jana saa sita ya usiku. Na ikiwa nyumba ina kipigo, basi kipigo ndicho chanzo cha mawazo na hakuna zoezi la kupumua litakalokitibu. Nambari 1195 hupigwa bure, usiku na mchana, kwa anayedhulumiwa. Iandike kwa jina lisiloshukiwa kwenye simu yako, hata jina la mama mboga.

Kupumua nako kuna nafasi yake. Moyo unapokwenda mbio usiku, lala ubavu, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano. Utoaji mrefu wa pumzi huupa mwili ishara ya kupunguza mwendo wa moyo, na hauna gharama. Vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa usivimeze na chai, kwa sababu chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini, na upungufu wa damu peke yake huleta uchovu na moyo kudunda, dalili zinazofanana sana na za wasiwasi. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso au mikono ikivimba, damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza, hayo si mawazo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kuna hali nyingine isiyongoja. Mama akianza kuona ni heri asiwepo, au akiwaza kujidhuru, huo ni ugonjwa, na unatibika. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kwamba watapelekwa hospitali ya akili ya Mathari na kuitwa wendawazimu mtaa mzima, au kwamba watakamatwa. Hofu ya kukamatwa ilikuwa na msingi: kifungu cha sheria ya jinai iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwambie muuguzi, au mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, uzungumze na mshauri. Aliye karibu na mama wa namna hii asimwache peke yake usiku huo.

Mtoto akizaliwa, mtaa mzima humtazama mtoto. Kumbe hatari kwa mama bado ipo. Daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda miaka ya 1970, na huko Kasangati karibu na Kampala aliwafuatilia wanawake 263 tangu wakiwa wajawazito. Aliona sonona ya uzazi kwa macho yake kijijini, wakati ambapo wazungu wengi waliamini kwamba wanawake wa Afrika hawaipati. Aliporudi Uingereza, yeye na wenzake walitunga maswali 10 mepesi, yaliyochapishwa mwaka 1987, ambayo leo hutumika duniani kote: yanamuuliza mama kuhusu siku saba zilizopita, kama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama halali kwa huzuni, kama amewaza kujidhuru. Kuyajibu ni kazi ya dakika chache.

Kliniki ya wiki ya sita, mtoto anapochanjwa, ndiyo nafasi nzuri ya kuulizwa maswali hayo. Usipoulizwa, anza wewe. Sema: "Sista, mtoto yuko sawa, lakini mimi siko sawa." Kama foleni ni ndefu na muuguzi amechoka, sema hivyohivyo, na ukae hapo hadi ujibiwe.